Alama Isitupwe: Mjadala juu ya Thamani ya P katika Picha za Ubongo

Mtu amelala ndani ya mashine ya MRI. Anaonyeshwa maneno kwa nusu dakika, kisha skrini tupu kwa nusu dakika nyingine, na mzunguko huo unarudiwa mara kadhaa. Akishatoka, kompyuta inaugawa ubongo wake katika vipande vidogo vya ujazo viitwavyo vokseli, kila kimoja na upana wa milimita mbili au tatu, na kwa kila kipande inapiga hesabu ile ile: ishara ya damu yenye oksijeni ilipanda kiasi gani maneno yalipotokea, ukilinganisha na jinsi ishara hiyo inavyoyumba yenyewe bila sababu? Jibu la hesabu hiyo ni alama, t au z. Kisha alama inageuzwa kuwa thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata alama kubwa kiasi hicho au zaidi endapo hakuna lolote lililotokea mahali hapo ila mayumbo ya kawaida. Vipande vyenye p ndogo vinapakwa rangi nyekundu na njano, vingine vyote vinaachwa kijivu, na picha inakwenda jaridani.

Msimamo wangu nautaja mapema, ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika. Kugeuza alama kuwa p ni hatua halali na ina kazi yake, lakini tumeipa kazi ya hakimu na tukaruhusu ushahidi uchomwe baada ya hukumu. Kilichopimwa ni alama na ukubwa wa badiliko lililoizaa. Thamani ya p ni tafsiri ya kipimo hicho chini ya masharti kadhaa, na masharti hayo yanaweza kubadilishwa na mchambuzi aliyeketi mezani kwake bila ubongo wa mtu yeyote kubadilika. Kwa hiyo ramani ya alama ichapishwe nzima, na p iambatane nayo pamoja na masharti yake. Nimewaita kwenye mjadala huu watu wanne wasiokubaliana nami kwa sababu tofauti: mhandisi wa programu, mtafiti wa saikolojia, daktari wa upasuaji wa ubongo na mtakwimu. Majina sikuwapa, kwa kuwa hoja zao zinasikika popote picha hizi zinapochambuliwa.

Mhandisi ndiye anayeanza, na anaanza kwa kunicheka. "Ndugu mwandishi, unalikuza jambo dogo. Z ya 3.1 ina p ya 0.00097. Ilikuwa hivyo jana, itakuwa hivyo kesho. Programu inakupa jibu kwa amri moja. Ni sawa na kugeuza maili kuwa kilomita, na sijawahi kusikia watu wakifanya mjadala juu ya maili."

Maili moja ni kilomita 1.609 awe ametembea mtoto au mzee, mchana au usiku. Alama ya 3.1 haina bahati hiyo. Kwanza ni lazima useme kama ulikuwa unatafuta ongezeko tu, au ongezeko na upungufu pia. Ukitafuta upande mmoja, yaani mkia mmoja wa mtawanyo, p ni 0.00097; ukiikubali mikia yote miwili inakuwa maradufu, 0.0019, na alama ni ile ile. Pili, ni lazima useme kama alama ni z au t. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alionyesha mwaka 1908 kwamba sampuli ndogo ina mikia minene kuliko mtawanyo wa kawaida, kwa kuwa hata kipimo cha mayumbo chenyewe kimekadiriwa kwa data chache. Watu ishirini wakipigwa picha, digrii za uhuru ni 19, na t ya 3.1 inatoa p ya karibu 0.003, mara tatu ya ile ya mhandisi. Ili uifikie 0.001 kwa watu hao unahitaji t ya takriban 3.58. Ndiyo sababu baadhi ya programu huichukua t, zikaigeuza kuwa p kwa kuzingatia idadi ya watu, kisha zikaigeuza p hiyo kuwa z. Anayeiona z kwenye ramani na kuidhani kipimo kibichi ajue imeshapita kwenye p na kurudi.

Na kwa kuwa mhandisi amejivunia amri yake moja, tuikague kidogo. Kompyuta hutunza namba za kawaida kwa tarakimu zipatazo kumi na sita. Z ya 10, ambayo si ajabu kabisa kwenye gamba la kuonea mtu anapoangalia taa inayomulika, ina p yenye sifuri 23 baada ya nukta kabla hujaiona tarakimu ya kwanza. Programu inayoitafuta p kwa kutoa eneo la mtawanyo kutoka kwenye moja itaishiwa na tarakimu alama inapopita 8.3 hivi, na itaandika sifuri kavu. Dawa inajulikana, nayo ni kuuhesabu mkia moja kwa moja au kutumia logi. Programu ya FreeSurfer imechagua logi: ramani zake za umuhimu hubeba logi ya p iliyoondolewa alama ya kutoa, ili 1.3 iwe ndiyo 0.05 na 3 iwe ndiyo 0.001, huku ishara ya kujumlisha au kutoa ikionyesha mwelekeo wa badiliko. Zana ya programu ya FSL ya kuchanganya data upya hutoa ramani ya moja kutoa p, ili kubwa zaidi ing'ae zaidi, na hapo 0.95 ndiyo mlango. Mwanafunzi akilifungua faili hilo bila kusoma maelezo, akakuta 0.97, ataitupa sehemu bora ya matokeo yake akidhani imeshindwa vibaya. Maili hazina mitego hii.

Mtafiti wa saikolojia amekuwa akisubiri kwa subira isiyo ya kweli. "Hayo yote tunayajua, mwalimu. Tatizo la kweli lilikuwa kupima maelfu ya vipande kwa pamoja, na tumelitatua zamani. Kila jarida sasa linadai marekebisho. Utatuletea yule samaki mfu tena? Amechosha."

Amechosha kweli, ila hesabu yake haijachosha. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa wachora ramani za ubongo uliofanyika San Francisco, Craig Bennett na wenzake watatu walionyesha matokeo ya samaki aina ya samoni aliyekwisha kufa. Walimweka kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali za kijamii, na data wakaichambua kama ya mtu yeyote. Kizingiti kilikuwa t zaidi ya 3.15, p chini ya 0.001, bila marekebisho. Kati ya vipande 8,064 vilivyopekuliwa, 16 vilivuka. Zidisha 8,064 kwa 0.001 upate kama vipande vinane vinavyotarajiwa kuvuka kwa bahati tu. Kumi na sita si muujiza, hasa ukikumbuka kwamba mayumbo ya vipande jirani huenda pamoja. Marekebisho yalipofanywa hakikubaki hata kimoja. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2012, watu wakacheka, na wengi waliondoka na funzo dogo kuliko lililokuwepo. Walisikia kwamba p bila marekebisho ni mbaya. Walichopaswa kusikia ni kwamba p haijui umetafuta mahali pangapi mpaka uiambie. Ubongo wa mtu kwenye kiolezo cha milimita mbili una vipande takriban 228,000. Kwa kizingiti cha 0.001, vipande 228 hivi vinatarajiwa kuvuka kwa bahati hata kama mtu hakufanya lolote. Ukitaka uwezekano wa kengele moja ya uongo katika ubongo mzima usizidi 0.05, na ukaigawanya 0.05 kwa idadi hiyo kama inavyofanya njia ya Bonferroni, alama inayohitajika inapanda hadi karibu 5.05. Alama ya 3.1 iliyokuwa shujaa kwenye sentensi moja imekuwa si kitu kwenye sentensi inayofuata, na hakuna kilichopimwa upya.

Mtafiti anadai tatizo limetatuliwa, na kwa kiasi fulani ana haki. Keith Worsley na wenzake walileta mwaka 1992 nadharia ya nyuga nasibu, inayozingatia kwamba picha iliyolainishwa haina majaribio huru 228,000 bali machache zaidi. Christopher Genovese, Nicole Lazar na Thomas Nichols wakaingiza mwaka 2002 njia ya kudhibiti sehemu ya kengele za uongo kati ya zilizolia, badala ya kuzizuia zote. Nayakubali yote hayo. Lakini kila tiba ilikuja na masharti mapya, na sharti moja liliharibika mbele ya kadamnasi. Njia iliyopendwa sana ilikuwa ya vishada: unaweka kizingiti cha kwanza, tuseme z ya 2.3, unaviangalia vipande vilivyoshikana juu yake, kisha unauliza kishada kikubwa kiasi hiki kina p gani. Mwaka 2016 Anders Eklund na Hans Knutsson wa Linköping, Sweden, pamoja na Thomas Nichols aliyekuwa Warwick, Uingereza, waliipima njia hiyo kwa ukatili unaostahili kuigwa. Walichukua picha za watu 499 wenye afya waliokuwa wamelala tu bila kazi yoyote, wakajifanya kana kwamba kulikuwa na jaribio, wakaunda makundi kwa bahati nasibu na kuyalinganisha mara mamilioni. Kila kishada kilichopita kilikuwa cha uongo kwa ufafanuzi. Programu ziliahidi kukosea katika uchambuzi 5 kati ya 100. Katika hali mbaya zaidi zilikosea 70.

Sababu ndiyo inayonihusu hapa. Fomula ilidhani kwamba uhusiano wa mayumbo kati ya vipande jirani hushuka kwa umbo la kengele kadiri umbali unavyoongezeka. Kwenye picha halisi uhusiano huo hushuka kisha hujikokota mbali zaidi ya ilivyodhaniwa, kwa hiyo mayumbo matupu hujikusanya katika vishada vikubwa kuliko fomula inavyotegemea. Kizingiti cha kwanza kikiwa chini, kama 2.3, kosa linakuwa kubwa, kikiwa 3.1 linapungua sana. Kwenye ngazi ya kipande kimoja kimoja p zilikuwa salama. Alama, kwa maneno mengine, hazikuwa tatizo. Daraja kutoka alama hadi p ndilo lililobomoka, na waliolivuka hawakujua. Zana moja ya programu ya AFNI ilikutwa pia na kosa la programu lililodumu miaka kumi na mitano, likarekebishwa mwaka 2015, lakini hilo lilikuwa dogo kuliko kasoro ya dhana yenyewe. Magazeti yalipiga kelele kwamba tafiti 40,000 zimeporomoka. Sentensi iliyozaa kelele hizo ilisahihishwa baadaye, na Nichols mwenyewe alikadiria kwamba zilizoguswa hasa ni kama 3,500. Sasa jiulize ni ngapi kati ya hizo zingeweza kuhesabiwa upya. Ile iliyochapisha ramani nzima ya alama ingepimwa tena jioni moja kwa kizingiti kipya. Ile iliyochapisha orodha ya vishada na p zake haiwezi kusaidiwa, labda data ghafi iwe bado iko kwenye diski ya mtu fulani.

Kuna njia isiyohitaji fomula ya umbo la mayumbo, nami naitetea pale inapowezekana. Kama kweli hakuna lolote, ramani ya kila mtu ingeweza kugeuzwa ishara, jumlisha ikawa toa, bila kuharibu kitu. Basi geuza ishara hizo kwa bahati nasibu mara 5,000, kila mara uandike alama kubwa kuliko zote katika ubongo mzima, kisha tazama alama yako halisi imekaa wapi kati ya hizo 5,000. P inapatikana kwa kuhesabu tu, na wingi wa vipande umeshazingatiwa kwa sababu ulichukua kubwa kuliko zote. Hata hapa masharti hayakosi: mayumbo yawe na ulinganifu pande zote mbili, na watu wawe wa kutosha. Ukiwa na watu wanane, ishara zinaweza kupangwa kwa namna 256 tu, na p ndogo kabisa unayoweza kuipata ni karibu 0.004, hata kama athari ni kubwa kama mlima Meru.

Mtafiti sasa anabadilisha upande. "Vema. Lakini mnaotudai vizingiti vikali mnasahau kosa la pili, la kukosa kilichopo. Matthew Lieberman na William Cunningham waliandika mwaka 2009 kwamba tukiogopa kengele za uongo peke yake tutazika athari ndogo za kweli, hasa za hisia na mahusiano ya kijamii. Sina bajeti ya watu mia mbili. Nina watu ishirini."

Hofu yake ina hesabu nyuma yake. Athari ya kweli yenye ukubwa wa nusu ya mchepuko wastani, ambayo si ndogo, kwa watu ishirini inatarajiwa kuzaa alama ya karibu 2.2. Mbele ya kizingiti cha 5.05 haina matumaini. Ingehitaji watu mia moja ili alama yake ya wastani ifike 5. Ila dawa waliyoipendekeza Lieberman na Cunningham, p ya 0.005 pamoja na vipande kumi vilivyoshikana, inalegeza mlango bila kujua kwa kiasi gani. Mtafiti anadhani machaguo ni mawili, kulegeza au kuzika. La tatu ni kutozika. Alama ya 2.2 ikibaki kwenye ramani iliyochapishwa, tafiti tano za watu ishirini ishirini zinaweza kuunganishwa baadaye, na athari ikajitokeza bila mtu yeyote kudanganya kizingiti. Ikifutwa na kuachwa kijivu, muunganisho wa baadaye utaiona kama haikuwepo. Wanaounganisha tafiti kwa kutumia viwianishi vya vilele vilivyopita peke yake wanafanya kazi kwenye chekeche iliyokwisha kuchuja nusu ya habari.

Ushahidi mzito zaidi ninaoujua ulitoka mwaka 2020. Timu sabini zilipewa data moja ya watu 108 waliokuwa wakiamua kukubali au kukataa kamari, na dhana tisa za kupima kwa ndiyo au hapana. Hakuna timu mbili zilizochagua mlolongo mmoja wa uchambuzi. Dhana moja ilikubaliwa na timu nyingi, tatu zilikataliwa na karibu timu zote, na kwa tano zilizobaki waliosema ndiyo walikuwa kati ya asilimia 21 na 37, mgawanyiko wa kutosha kuzua tafiti zinazopingana jaridani kwa miaka. Wasimamizi wa kazi hiyo walipoziomba ramani za alama kabla ya kizingiti, walikuta kwa dhana nyingi ramani za timu zinafanana kwa kiasi kikubwa, zikiwemo za timu zilizofikia hukumu tofauti. Mafarakano mengi yalizaliwa hatua za mwisho, alama zilipogeuzwa p na p zikageuzwa ndiyo au hapana. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuusoma utafiti huo, kisha akaendelea kuchapisha hukumu na kuficha alama.

Daktari hana subira na jarida lolote. "Mimi nina mgonjwa mmoja mwenye uvimbe karibu na sehemu ya lugha. Nataka kujua nikate wapi. Mkiniambia kwamba kipande hiki hakikupita 0.05 iliyorekebishwa, nami nikakikata, kesho hawezi kulitaja jina la mwanawe. Kengele ya uongo inanifanya niache kipande cha uvimbe. Kengele isiyolia inamnyamazisha mtu."

Sina cha kumpinga daktari, namshukuru. Hoja yake inaonyesha kitu ambacho p haikuwahi kukijua, nacho ni gharama ya kila kosa. Ronald Fisher alipoipa 0.05 umaarufu katika kitabu chake cha 1925 aliiita rahisi kwa matumizi, hakudai imeshuka kutoka mbinguni, na hakuwa akiandika kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Kwa mtafiti anayedai amegundua makao ya huruma, kengele ya uongo ndiyo hatari kubwa. Kwa daktari mizani imepinduka. Hakuna kizingiti kimoja kitakachowahudumia wote wawili, ila ramani moja ya alama itawahudumia: mtafiti aisome kutoka juu, daktari aishushe kizingiti polepole aone eneo la lugha linapanuka kuelekea wapi, kisha ahakikishe kwa kuugusa ubongo na umeme mgonjwa akiwa macho anaongea. Anayempelekea daktari picha iliyokwisha kukatwa kwa kizingiti kimoja amemchagulia hatari bila kumuuliza.

Mtakwimu, aliyekaa kimya muda wote, anakohoa. "Ndugu yangu, hapo umepatia, lakini unaitukuza alama kupita kiasi. Nayo ni uwiano. Juu kuna badiliko, chini kuna kosa la ukadiriaji. Watu wakiongezeka, alama inapanda hata kama badiliko ni la kupuuzwa."

Kweli tupu, na ndiyo maana tangu mwanzo nimeitaja alama pamoja na ukubwa wa badiliko. Chukua athari yenye ukubwa wa asilimia 5 ya mchepuko wastani, kitu ambacho hakuna daktari angekitambua kwa mgonjwa. Kwa watu ishirini alama yake inayotarajiwa ni 0.22. Kwa watu 10,000 ni 5, na p yake ni kama 3 kwa milioni kumi. Haya si mambo ya kufikirika: mradi wa UK Biobank ulianza mwaka 2014 kuwapiga picha watu kwa lengo la kufikia 100,000. Kwa data ya ukubwa huo karibu kila kipande cha ubongo kitavuka kizingiti kwa jambo lolote utakalouliza, na p haitakuwa na habari tena. Gang Chen, Paul Taylor na Robert Cox, ambaye ndiye aliyeianzisha AFNI, waliuliza mwaka 2017 kama alama peke yake inatosha, wakajibu kwamba haitoshi; asilimia ya badiliko la ishara nayo iwekwe mezani. Nakubaliana nao. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilikuwa kimeshatoa tamko mwaka 2016, lililoandikwa na Ronald Wasserstein na Nicole Lazar yule yule wa 2002, kwamba p haipimi uwezekano wa dhana kuwa kweli, wala haipimi ukubwa wa athari. Hata hivyo bado zinaandikwa sentensi za kusema p ya 0.001 maana yake ni uhakika wa asilimia 99.9. P imehesabiwa kwa kudhani kwamba hakuna lolote. Haiwezi kugeuka na kukuambia dhana hiyo yenyewe ina nafasi gani ya kuwa kweli.

Wote wanne sasa wananikabili kwa pingamizi moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Ukichapisha kila kitu, wanasema, kila msomaji ataona anachotaka. Kizingiti kiliwekwa ili kumzuia mtu asisimulie hadithi juu ya kila doa la rangi. Rangi zitarudi kila mahali, na samaki atafufuka.

Ningeogopa hilo kama ningetaka kizingiti kiondolewe. Sitaki. Dai la kwamba sehemu fulani inahusika liendelee kupimwa kwa p iliyorekebishwa, na asiyevuka asidai. Ninachokataa ni kijivu kinachofanya 3.09 ionekane sawa na sifuri wakati 3.11 inawaka kama moto. Taylor na wenzake walipendekeza mwaka 2023 njia ambayo kila programu ya kuonyesha picha inaweza kuifuata: rangi ionyeshe ukubwa wa badiliko, rangi hiyo ififie kadiri alama inavyoshuka chini ya kizingiti, na mstari wa mpaka uchorwe kuzunguka sehemu zilizovuka. Msomaji anaiona hukumu na ushahidi kwa pamoja. Anayesimulia hadithi juu ya doa lililofifia anajianika mwenyewe, maana mpaka uko pale pale. Zaidi ya hayo, kizingiti hakijawahi kuwazuia wasimulizi. Kimewafundisha tu kujaribu vizingiti kadhaa na kuripoti kimoja, jambo ambalo ramani nzima ingelifichua mara moja. Na anayeleta hofu ya siri za wagonjwa aelewe kwamba ramani ya alama ya kundi ni wastani wa watu wengi, haibebi sura ya mtu.

Kwa wahariri wa majarida na wasimamizi wa tasnifu, ombi ni hili. Kabla hamjapokea picha yenye rangi, daini faili la ramani ya alama ambayo haijakatwa, pamoja na ramani ya ukubwa wa badiliko. Kando yake mwandishi aandike kama alama ni t au z, digrii za uhuru ni ngapi, mkia ni mmoja au miwili, vipande vingapi vilipekuliwa, na marekebisho yalifanywa kwa njia gani na kizingiti gani. Hifadhi ya NeuroVault inapokea ramani kama hizo bila malipo, na kuipakia ramani moja huchukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi ya kueleza kwa nini haikupakiwa.